Rula, kioo na tochi: kulikagua gitaa kavu la zamani kabla ya kulilipia

Miaka minne iliyopita nilinunua gitaa aina ya 00-18 la kampuni ya Kimarekani ya Martin, la mwaka 1956, kutoka kwa bibi mmoja wa Wisconsin aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Tangu hapo jamaa na marafiki hunipigia simu kila wanapoona gitaa kuukuu linauzwa: nilichukue, nisilichukue? Majibu yangu yamekuwa yale yale, nikaona niyaandike mara moja.

Mimi ni seremala kwa kazi, mzaliwa wa Pangani, na sasa ni mwaka wa kumi na sita naishi Minnesota. Gitaa nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa na galatoni moja aliyoifunga uzi wa kuvulia samaki pale nyuzi zilipokosekana dukani. Vijana huenda hawalijui jina hilo: wazee wetu walilitoa kwenye magitaa ya Gallotone yaliyokuja kutoka Afrika Kusini, na baadaye kila gitaa kavu likaitwa galatoni. Mjomba alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, mtindo wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi kule Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952. Vidole viwili, na ungeapa wamekaa watu wawili.

Kwa hiyo nilipofungua kasha la yule bibi, masikio yangu yalikuwa na kiu. Ndiyo maana nasema hivi: unapokagua gitaa la zamani, sikio liwe la mwisho. Gitaa la miaka sitini lina sauti tamu hata likiwa gonjwa, na ukishaipenda sauti yake hutaona tena ufa wala shingo iliyoinama. Anza na macho, rula, kioo na tochi.

Kwanza, kasha na maneno ya mwenye mali

Fungua kasha na unuse kabla hujagusa kitu. Harufu ya mbao kavu na vumbi kidogo ni njema. Harufu ya uvundo, kama ya godoro lililolala chini mvua ikivuja, inakuambia gitaa limekaa kwenye chumba cha chini ya nyumba chenye maji, na hapo uwe tayari kukuta gundi iliyoachia. Huku Marekani huuliza swali moja tu: lilihifadhiwa wapi? Dari ya juu ya nyumba hupata joto kali wakati wa kiangazi, chumba cha chini hupata unyevu. Bibi aliniambia mumewe aliliweka kwenye kabati la chumba cha kulala, ukuta wa ndani, mbali na bomba la joto, na kila alipomaliza kulipiga kanisani Jumapili alilegeza nyuzi. "Hakuna fundi aliyewahi kuligusa," akasema. Maneno hayo yalinifurahisha kuliko mng'ao wowote. Gitaa lililotunzwa vizuri, kwangu mimi, ni lile ambalo halikupitiwa na mikono ya watu wengi waliotaka kulipendezesha.

Halafu tazama ndani ya tundu la sauti, upande wa shingo. Kwenye Martin, namba imegongwa kwenye gogo dogo linaloshika shingo, na juu yake jina la aina, kwa mfano 00-18. Namba za kampuni hiyo zinakwenda kwa mfululizo, kwa hiyo umri haubishaniwi: zile za mwaka 1956 ziliishia 152775, za 1969 ziliishia 256003. Gitaa la Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, lina mambo mengi zaidi. Namba zao za zamani zilijirudia, na mengine hayana namba kabisa, ndipo inabidi kusoma umbo la kichwa, daraja (kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya ubao wa mbele) na nembo. Muuzaji akikwambia "ni la miaka ya hamsini" na hataki umulike tochi ndani, funga kasha, mshukuru, uende zako.

Rula: hapa ndipo pesa ilipo

Sehemu hii nitakaa nayo, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Gitaa tunalolizungumzia ni la uso bapa, yaani ubao wake wa mbele umelazwa, haukuchongwa kifua cha mviringo kama fidla. Ubao huo ni wa mti wa sprusi, mwembamba, hauzidi milimita tatu. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyepesi, zinauvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, usiku na mchana. Zidisha hiyo kwa miaka sitini. Ubao unavimba kidogo nyuma ya daraja, unazama kidogo mbele yake, na shingo inainama kuelekea nyuzi. Matokeo yake nyuzi zinapaa juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, na anayepiga anaumia vidole. Hili si kosa la fundi aliyelitengeneza. Ni mwendo wa kila gitaa la namna hii, na swali ni limefika wapi na nani amejaribu kulificha.

Anza kwa kuhakikisha shingo yenyewe imenyooka. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine, kisha tazama pengo kati ya uzi na freti ya saba. Pengo la kama robo milimita ni sawa. Likizidi sana, shingo imepinda. Na ujue kwamba Martin hawakuweka chuma cha kurekebisha ndani ya shingo mpaka mwaka 1985, kwa hiyo mtu akikwambia "utakaza skrubu kidogo tu" juu ya gitaa la 1956, hajui anachokisema.

Shingo ikiwa imenyooka, chukua rula ya chuma ya sentimita 60. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, kuanzia freti ya kwanza, mpaka ncha ifike kwenye daraja. Kwenye gitaa zima, ncha itapita sawasawa na ukingo wa juu wa daraja, au juu yake kidogo. Ikigonga daraja chini ya ukingo huo, shingo imeinama, na kadiri inavyogonga chini ndivyo hali ilivyo mbaya. La kwangu liligonga kama milimita moja chini.

Usiishie hapo. Pima unene wa daraja lenyewe. Daraja la Martin la miaka ile lina milimita 8 hadi 9. Ukikuta 6, ujue kuna mtu alilipiga randa. Nimeliona hilo mara tatu: shingo imeinama, fundi hataki kazi ya kuing'oa, anaranda daraja ili nyuzi zishuke, na rula yako inakuonyesha kila kitu ni sawa. Siku hiyo gitaa linapigika. Baada ya miaka michache tatizo linarudi, na safari hii unahitaji shingo ing'olewe na kuwekwa upya, pamoja na daraja jipya. Tazama pia kile kijipande cheupe cha mfupa kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Kitokeze milimita tatu hivi. Kikiwa kimezama hadi karibu kisawazike na mbao, ni dalili ile ile, na sauti itakuwa imedhoofika kwa sababu nyuzi hazikandamizi vya kutosha.

Mwisho pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Uzi mnene ukiwa milimita 2.4 na mwembamba 1.7, utacheza bila shida. Gitaa la bibi lilikuwa na 3.2 kwenye uzi mnene. Nilimweleza ukweli: gitaa hili ni zuri, halina ufa, lakini shingo itatolewa kwa mvuke, kisigino chake kichongwe upya na kurudishwa kwa pembe sahihi, na kazi hiyo fundi wa hapa Minneapolis angenitoza dola 600. Nikamwonyesha rula. Aliniuliza, "Kwa hiyo limeharibika?" Nikamwambia hapana, mama, limefikia umri wa kutengenezwa, kama paa la nyumba. Tulikubaliana dola 2,400 na sote wawili tuliridhika. Mweleze muuzaji unachokiona, hasa akiwa mzee anayeuza vitu vya marehemu. Kumficha mjane thamani au kasoro ya kitu chake ni dhuluma.

Kioo na tochi

Legeza nyuzi, ingiza kioo kidogo cha mkono kupitia tundu la sauti, mulika. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, na mara ya kwanza nilipoona tumbo la gitaa nilimkumbuka yeye: ubao mwembamba nje, mataruma, yaani mbavu za mbao, ndani. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma mataruma mawili makubwa yanapishana kama herufi X chini ya ubao wa mbele, na yale madogo yanaenea pembeni. Kabla ya mwisho wa 1944 Martin waliyachonga mataruma hayo kwa mabonde ili yawe mepesi. Baada ya hapo waliyaacha yakiwa na mgongo ulionyooka, maana watu walifunga nyuzi nzito zaidi. Ndiyo maana magitaa ya kabla ya hapo yana bei ya nyumba. Kwa kupiga vidole viwili na nyuzi nyepesi, la 1956 linanitosheleza kabisa.

Unatafuta taruma lililoachia. Pitisha kipande cha karatasi kati ya taruma na ubao. Kikiingia, gundi imeachia. Njia nyingine ni kugonga ubao polepole kwa kifundo cha kidole huku na huku. Mlio mzima unasikika kama mlango mzuri, mlio wa taruma lililoachia una mtetemo wa kukwaruza. Hii ni kazi ndogo kwa fundi anayejua, isikutishe. Kinachotisha ni taruma lililobandikwa upya kwa gundi nyeupe ya mbao au, mbaya zaidi, gundi ya kopo mbili isiyoachia kwa urahisi. Magitaa haya yaliunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto na maji, na uzuri wake ni kwamba fundi wa kesho anaweza kufungua kilichofungwa na fundi wa jana. Sisi maseremala tunaujua uchungu wa kufungua kiungo kilichomwagiwa gundi isiyofunguka.

Chini ya daraja kuna kibao kidogo cha mti mgumu ambacho ncha za nyuzi hukishikilia. Mulika hapo vizuri. Matundu yakiwa yamelika na kupanuka, nyuzi zimekuwa zikijichimbia kwenye sprusi laini. Hii hutokana na watu kufunga nyuzi kwa haraka. Ukifunga uzi, ingiza mkono ndani, bana kile kigololi cha mwisho wa uzi kwa kidole kishikane na kibao, ndipo ukandamize pini inayoshikilia uzi kwenye daraja.

Nyufa: ufa unaofuata nyuzi za mti ni jeraha la ukavu, hupona. Kuna mmoja wa kawaida sana kwenye Martin za zamani, unaoanzia kwenye daraja na kufuata ukingo wa lile bamba linalokinga mbao na kucha. Bamba hilo ni la seluloidi na lilibandikwa juu ya mbao tupu kabla ya laki (ule mpako mng'avu wa kulinda mbao) kupakwa. Seluloidi ikizeeka inasinyaa, inavuta mbao, mbao inapasuka. La kwangu bamba limeanza kunyanyuka pembe moja, na nilishukuru, kwa sababu lingebaki limeshika lingepasua ubao. Ufa wa kuvuka nyuzi za mti, huo ni wa kuanguka au kugongwa. Waachie wengine.

Laki ya zamani isiguswe

Nikikutana na mtu aliyelikwangua gitaa la zamani na kulipaka vanishi mpya, moyo wangu unauma. Laki ya miaka ile ilipuliziwa nyembamba sana, na kwa miaka imekauka na kuwa rangi ya asali. Mistari myembamba kama utando wa buibui juu yake ni alama ya baridi na umri, haina madhara. Vanishi mpya nene inaziba mtetemo wa ubao, na wanunuzi wengi wakiona gitaa limepakwa upya hukata karibu nusu ya bei.

Ili kujua, chukua tochi ndogo ya kukagulia noti bandia, zima taa, mulika. Laki ya zamani inang'aa kijanikijani, na palipopuliziwa upya panaonekana kwa rangi tofauti, mara nyingi giza. Kagua hasa kisigino cha shingo, kandokando ya daraja na nyuma ya kichwa. Hapo hapo nyuma ya kichwa tafuta matundu ya skrubu yaliyozibwa, yatakuambia funguo za kukazia nyuzi zimewahi kubadilishwa. Freti zilizobadilishwa hazinisumbui. Freti ni kama matairi.

Baada ya hayo yote, kaza nyuzi, kaa, lipige. Piga kila uzi kwenye kila freti ukisikiliza mkwaruzo. Halafu piga unachokipenda. Mimi nilipiga kipande alichonifundisha mjomba, na bibi akaja kusimama mlangoni.

Kuliweka likae

Mbao inakunywa na kutema unyevu wa hewa. Gitaa hili linataka asilimia 45 hadi 55. Hapa Minnesota nje ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri na mashine ya joto ikivuma, hewa ya ndani inashuka hadi 15, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Naliweka ndani ya kasha, na ndani ya kasha naweka kipima unyevu kidogo pamoja na sponji yenye maji kwenye kisanduku chenye matundu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne nakitazama kila Jumapili. Ukilitoa kwenye gari baridi, usifungue kasha mpaka siku ya pili. Laki iliyoganda ikikutana na hewa ya moto hupasuka mbele ya macho yako.

Kwetu pwani shida ni kinyume chake. Tanga na Mombasa hewa inabeba maji, ubao unavimba, nyuzi zinapaa, chuma kinashika kutu, ukungu unaota ndani. Weka vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu ndani ya kasha na uvibadilishe vikishashiba. Usilitundike ukutani unaopigwa na upepo wa bahari. Na popote ulipo, usiliache ndani ya gari juani. Gundi ya ngozi haihimili joto hilo, na daraja linaweza kuachia mchana mmoja.

Kusafisha ni kitambaa cha pamba kikavu, au kilicholowa kidogo kwa ajili ya jasho, basi. Mafuta ya nazi, mafuta ya kung'arishia meza, ndimu, vyote viache jikoni. Mkanda wa plastiki usilale juu ya laki, unaiyeyusha. Nyuzi nunua nyepesi, zile ambazo uzi mwembamba kabisa ni inchi 0.012, na ubadilishe moja moja.

Mjomba alipopata habari alinipigia. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mjomba. Hilo gitaa linakuja lini nyumbani?" Ikabidi nimweleze jambo ambalo na wewe ulijue kabla ya kukata tiketi. Ubao wa freti na daraja la 00-18 ya 1956 ni rozwudi ya Brazil, mti ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992 na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda viumbe na mimea iliyo hatarini, na kulivusha mpakani bila kibali kunaweza kufanya lizuiwe na usilione tena. Hata mpingo wetu uliwekwa chini ya mkataba huo mwaka 2017, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa mwaka 2019. Kwa rozwudi ya Brazil hakuna msamaha wa namna hiyo. Omba kibali mapema, na risiti inayoonyesha mwaka wa gitaa uwe nayo mkononi.

Mjomba akanyamaza kidogo, akasema, "Basi liweke karibu na simu, nipigie ule uzi mnene." Nikampigia. Mwezi wa saba nitambebea gitaa jingine, jipya, lisilo na rozwudi. Hili limelala kabatini, ukuta wa ndani, kipima unyevu kinasoma 47.